Jinsi ya kuandika tafakari ya mahusiano na ukuaji wa wahusika: anza na watu wawili, sifa achana nazo kwanza

Hii naandika kwa ajili ya wadogo zangu wa kidato cha tatu mpaka cha sita, na yeyote ambae mwalimu kampa kazi ya kuandika tafakari kuhusu mahusiano na ukuaji wa mhusika kwenye riwaya akabaki ameshika peni tu hajui aanzie wapi. Mi nimemaliza kidato cha sita, nilisoma HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na hii kazi nimeifanya mara nyingi na mwanzoni nilikuwa naiharibu kila mara, kwa hiyo nachowaambia hapa nimekipata kwa kurudishiwa daftari na kuandika upya.

Kosa langu la kwanza, na naamini ndo kosa la wengi, lilikuwa hili. Nilikuwa nachukua mhusika namwagia sifa. Tulipopewa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi nikaandika kwamba Yasmin ni jasiri, ni mvumilivu, ana mapenzi ya kweli, ni mwanamke anaejitambua, kila sifa na pointi yake na mfano mmoja chini, nikajaza kurasa tatu nikaona nimemaliza kazi. Mwalimu akanirudishia daftari na mstari mmoja wa wino mwekundu: huyu anaweza kuwa mtu yeyote. Iliniuma sana siku ile, lakini nilivyosoma tena usiku wakati wa prepu nikaona kweli, ukifuta jina Yasmin ukaweka jina la mhusika mwingine kutoka kitabu kingine kabisa, ukurasa ule ungesimama vilevile. Nilikuwa nimeandika orodha tu, na Yasmin mwenyewe humo hakuonekana.

Sasa jambo moja ambalo lilinibadilisha ni hili: ukuaji wa mhusika hauuoni ukimwangalia peke yake, unauona pale anapokutana na mtu yuleyule mara ya pili na ya tatu. Mtu akiwa peke yake chumbani hujui amekua au hajakua. Ila mlete yule aliekuwa anamuogopa mwanzo, waweke pamoja tena mbele huko, halafu tazama safari hii anasemaje, anasimamaje, anaogopa nini ambacho zamani hakukiogopa. Hapo ndo unapata cha kuandika. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuchagua watu wawili. Wawili tu, sio familia nzima wala kijiji kizima.

Kwenye kuchagua, msikimbilie wapenzi. Najua ndo wanaovutia, kila mtu darasani ataandika Yasmin na Denge, na mwalimu atasoma Yasmin na Denge arobaini kwa wikiendi moja. Tafuteni wawili ambao wanakutana si chini ya mara tatu kwenye kitabu, mwanzo, katikati na mbele ya safari, na kila wakikutana kuna kitu kimebadilika, hata kama ni kidogo. Inaweza kuwa mama na mtoto, inaweza kuwa ndugu kama Peter na Zita kwenye Watoto wa Mama N'tilie, watoto wanaofukuzwa shule kwa ada na sare wanajikuta wanaishia jalalani. Mi nilichagua Yasmin na Mwajuma, yani shoga yake. Na nilichagua hivo sababu nilivyofunga kitabu nikajiuliza ni nani ambae angeondolewa humu hadithi yote ingeanguka, nikaona ni Mwajuma.

Kwa ambae hajasoma, nieleze kidogo. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozeshwa kwa Bwana Raza mwenye duka, mtu wa miaka 52, enzi hizo Zanzibar iko chini ya Waingereza. Raza anamhamishia Mombasa, Yasmin anashindwa, anamkimbia anarudi Unguja, mjomba wake anamfukuza, na anaempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, ambae hana mali wala ukoo wa kumsemea. Mengine yote, Denge na siasa zake za kupinga ukoloni, taarabu, askari wanaomwinda Denge, yanamfikia Yasmin akiwa tayari amepita mlango wa Mwajuma.

Hatua ya pili ni ya mkono, na ndo naipenda zaidi. Kitabu chetu kilikuwa cha shule, ukikichora unalipa, na tulikuwa tunasoma wanafunzi watatu kitabu kimoja kwa zamu. Kwa hiyo nilichukua nyuzi za kushonea. Nyekundu kwa kila mahali Mwajuma na Yasmin wako pamoja, nyeusi kwa kila mahali Yasmin yuko na Raza au anamkumbuka Raza. Nakata uzi kama urefu wa kiganja, naulaza kwenye mkunjo wa ukurasa, ncha inachungulia juu. Nikimaliza sura nafunga kitabu naangalia kwa juu tu bila kufungua. Na jamani, hapo ndo nilipoanza kuelewa riwaya. Nyuzi nyeusi zilijaa mwanzo halafu zikaanza kuwa nyembamba, nyekundu zikaanza kidogokidogo halafu zikashika katikati yote. Sikuwa nimeandika hata neno moja lakini umbo la hadithi nilikuwa naliona kwa macho, kama unavyoona mstari wa mshono kwenye nguo. Kama kitabu ni chako tumia penseli, kama unasoma kwenye simu piga skrinishoti weka kwenye folda mbili, ni ileile.

Ukishakuwa na nyuzi zako unarudi sasa kwenye kila uzi na maswali. Msiulize mhusika ana sifa gani. Ulizeni vitu vinavyoshikika. Hapa walipo ni nyumbani kwa nani? Hela ni ya nani? Nani anaamua watoke au wakae? Wanaitana vipi, maana sisi Waswahili kwenye kuitana ndo kila kitu kimo, mtu aliekuwa anaitwa kwa jina tupu akianza kuitwa mwanangu au shoga au bibie, kuna jambo limetokea na mwandishi hakuliweka bure. Nani ananyamaza, na kunyamaza kwake ni kwa woga au kwa hasira au kwa sababu ameshaelewana na mwenzie hakuna haja ya maneno? Haya maswali mi nilichora kaunta buku safu tatu, safu ya kwanza ukurasa, ya pili nani ana nguvu hapa, ya tatu mimi nimehisi nini. Safu ya tatu msiiache tupu hata mkihisi hamna kitu, andikeni hata "nimechoka nae huyu", itawasaidia baadae.

Nilivyofanya hivyo kwa Yasmin nikaona kitu ambacho hakiki zote nilizosoma hazikukigusa, au mi sikukiona humo. Kwa Raza, Yasmin ana nyumba, ana chakula, ana mume mwenye duka, na hana hata uamuzi mmoja ambao ni wake. Kwa Mwajuma hana chochote, anakula alichokitafuta mwenzie, analala alipopewa, na kwa mara ya kwanza anaulizwa anataka nini. Yani anapata sauti siku aliyopoteza mali. Na wala haipati ghafla. Mwanzoni kwa Mwajuma bado ni mtoto aliepokelewa, anafuata anakoongozwa, na ni baadae sana ndo anaanza kuamua, kumpenda Denge ambae jamii yake isingemkubali, na mwisho Denge anapolazimika kukimbia, kuanza maisha mengine na Bukheti, mwanaume anaeolewa nae mwishoni. Ukiangalia ile ndoa ya mwisho na ile ndoa ya mwanzo ukaziweka sambamba, zote ni ndoa, mwanamke ni yuleyule, tofauti ni kwamba ya kwanza aliamuliwa, ya pili aliamua. Hiyo ndo sentensi yangu kuu, nikaizungusha duara kubwa kwenye kaunta buku.

Sasa kuandika kwenyewe. Niwaonyeshe aya yangu ya kwanza na ya pili muone, zote ni zangu. Ya kwanza ilikuwa hivi: Yasmin anaonyesha ukuaji mkubwa kwa sababu mwanzoni alikuwa mwoga lakini mwishoni akawa jasiri na mahusiano yake na Mwajuma yalimsaidia sana. Hiyo aya haina kosa la sarufi, haina uongo, na haina kitu. Ya pili niliandika hivi: Siku Yasmin anafukuzwa kwa mjomba wake, damu yake imemkataa na mtu baki ndo anamfungulia mlango. Nadhani hapo ndipo neno ndugu linabadilika maana kwake. Zamani ndugu ni wale aliozaliwa nao, waliompeleka kwa Raza. Kuanzia siku hiyo ndugu ni yule anaekuuliza umekula. Mnaona tofauti? Ya pili ina siku, ina mlango, ina mtu mmoja anaefanya jambo, na mimi nimo ndani yake kwenye lile neno nadhani. Ukiandika aya jiulize naweza kuiona? Kama huwezi kuiona, futa.

Kitu kingine ambacho watu wengi wanakiruka ni gharama. Mhusika akikua kuna alichokipoteza, na usipokisema tafakari inakuwa kama tangazo la sabuni, mtu aliingia mchafu akatoka anang'aa. Yasmin anapoteza watu wake. Jamii ya Kihindi iliyomlea haimtaki tena, na sidhani kama kuna mahali popote kitabuni palipokuwa pepesi kwake kwa hilo. Mi mwanzoni nilikuwa namshangilia tu, kimbia dada kimbia, mpaka niliporudia kusoma kwa mara ya pili nikagundua kwamba nilikuwa nashangilia mtoto wa umri wangu anaebaki bila mama wa kumlilia. Hapo niliweka kitabu chini kidogo. Andikeni na sehemu kama hizo, pale mlipobadilisha mawazo katikati ya kusoma, maana tafakari ni ya mawazo yenu mnavyosafiri, na mwalimu anaejua kazi yake anatafuta hapo hasa.

Na msidhani kukua lazima kuelekee juu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ni mfano unaoumiza. Rosa baba yake Zakaria anamchunga kwa fimbo, barua moja tu ya kijana Charles inamtia kwenye kipigo, na akishatoka mikononi mwa baba hajui kuuongoza uhuru wake maana hajawahi kuachiwa hata kidogo aujaribu. Anabadilika, na anabadilika sana, ila kila badiliko linamsogeza karibu na mwisho mbaya. Ukitumia njia yangu ya watu wawili hapa, ukachukua Rosa na Zakaria, utaona kwamba hata baba asipokuwepo kwenye ukurasa bado yupo, ndani ya kila anachofanya binti yake. Uzi mweusi unaweza kupita hata mahali ambapo jina la mtu halijatajwa. Mi hii niliichelewa kuielewa na nawaomba muielewe mapema.

Kuna na riwaya ambazo anaekua siye mhusika mkuu. Takadini ya Ben Hanson, tuliisoma kidato cha tatu, mhusika mkuu ni mtoto mwenye ualbino aliezaliwa kwenye jamii ya Washona wa Zimbabwe ambayo mila yake haikumtaka aishi, na mama yake Sekai aliekaa miaka bila mtoto anaamua kukimbia nae usiku kuliko kumtoa. Wakipokelewa na mzee Chivero kwenye kijiji kingine, Takadini anafundishwa kupiga mbira, ala ya muziki ya Washona, anakua kimwili na kiakili, sawa, lakini ukifuata nyuzi utaona yeye moyo wake haugeuki sana, alikuwa mpole toka mwanzo. Wanaogeuka ni wale wanaomtazama. Msichana mmoja, Shingai, anamchagua yeye awe mumewe. Kwa hiyo kama mwalimu anawauliza ukuaji, jiulizeni kwanza nani anakua kweli, msiandike mhusika mkuu kwa mazoea. Darasani tumezoea kusema huyu mhusika bapa, yani habadiliki, huyu mhusika duara, yani anabadilika, tukamaliza, hayo majina ni mazuri lakini ni lebo, ukishaibandika bado hujamuelewa mtu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile inayosema "wewe umejifunza nini". Wengi tunaandika nimejifunza kuwa wavumilivu, nimejifunza tusikate tamaa, tunafunga daftari. Nawaomba msifanye hivo. Chukueni mahusiano mliyoyafuata kwenye kitabu, tafuteni kwenye maisha yenu mtu mmoja aliesimama mahali hapo. Mtu mmoja, tukio moja. Mi niliandika kuhusu wiki yangu ya kwanza bwenini kidato cha tano, godoro langu lilichelewa kufika na msichana ambae sikuwa namjua hata jina akasogea kwenye kitanda chake akaniambia panda. Tulilala mzungu wa nne siku tano, miguu yake kichwani kwangu. Hakuniuliza kwetu wapi wala nina nini. Baadae nikapata marafiki wengine, wale wa diskasheni, wale wanaoongoza darasani, na yule dada nikawa namsalimia tu nikipita. Nilipokuwa nafuata nyuzi nyekundu za Mwajuma ndo nikamkumbuka, na nilipomkumbuka niliona aibu ya kweli, kwa sababu mi pia nilipokelewa nikaenda zangu. Nikaiandika hivohivo bila kujipamba. Ilikuwa aya fupi kuliko zote na ndo peke yake ambayo mwalimu hakuweka alama yoyote pembeni, aliandika chini asante.

Sio lazima muandike siri zenu, nisieleweke vibaya. Kama jambo ni zito kuliko unavyotaka mwalimu alijue, liache, chagua dogo. Ila liwe la kweli.

Haraka haraka mambo madogo. Vuta N'kuvute ina sinema ya Amil Shivji ya 2021, iangalieni ni nzuri, lakini msiandike tafakari ya kitabu kwa kutegemea sinema maana sinema inachagua yake na kuacha mengine, na mwalimu atajua. Hakiki za kununua someni baada ya kuandika rasimu ya kwanza, mkianza nazo zitawajaza maneno yake na ya kwenu hayatatoka tena. Andikeni namba za kurasa pembeni toka siku ya kwanza, kutafuta ukurasa usiku wa kuamkia kukusanya ni mateso. Na kwenye kuandika msiruke kati ya wakati uliopita na uliopo, ukianza na "anakimbia" malizia na "anakimbia". Urefu usiwatishe, kurasa mbili zenye watu wawili waliotazamwa vizuri zinatosha kabisa.

Hatua ya mwisho, msomeeni mtu ambae hajasoma kitabu. Mwanafunzi mwenzio atakwambia iko poa kwa sababu anajua unachomaanisha, anakujazia mapengo kichwani mwake. Mi nilimsomea mama yangu likizo, yuko jikoni anachambua mchele kwenye ungo, mi nimekaa kwenye kigoda na kaunta buku langu. Alisikiliza yote, hakunikatiza, vidole vinaendelea tu kutoa chuya na vijiwe. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, akapeta ungo mara moja, halafu akauliza, "Na huyo Mwajuma je, nae kuna aliemfungulia mlango?"

Sikuwa na jibu. Kurasa zote zile nilikuwa nimeandika alichompa Yasmin, sikuwa nimeuliza hata mara moja yeye alikuwa anapata nini, alikuwa anachoka lini, nani alimuuliza amekula. Nilirudi kwenye kitabu siku hiyohiyo, nikaanza uzi wa kwanza mwekundu, safari hii nasoma sentensi zake yeye, na safu ya kati kwenye kaunta buku nikabadilisha jina juu nikaandika Mwajuma.